Daktari Qabale na Bakteria Wasio na Ukuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya mifugo hapa Yabelo, Daktari Qabale Jaldesa anastaafu tarehe 30 Juni.

Alikuja akiwa binti mwembamba, mcheshi, mwenye kupenda buni za kahawa zilizokaangwa kwa siagi kuliko chakula cha mchana. Hakuwa amemaliza mwaka homa ya mapafu ilipoingia kwenye mbuzi wa wafugaji wa Borana. Mjane mmoja, Bi Dhaki, alifika mlangoni akidai penisilini.

"Haitafaa, mama," Qabale alimwambia. "Penisilini hubomoa ukuta wa bakteria. Hawa wa homa hii hawana ukuta. Itabomoa nini?"

"Mbuzi wangu wanakufa, wewe unanihadithia kuta!"

Qabale alibeba dawa ya aina nyingine wakaondoka pamoja hadi kambi ya mifugo ya Bi Dhaki. Siku ya kwanza alikufa mbuzi mweupe aliyewanywesha maziwa wajukuu wa Bi Dhaki. Mama yule alikaa chini, akamgeuzia mgongo. Qabale naye hakujua kama wengine wangepona. Hata hivyo aliwatenga wagonjwa, akawadunga wote, akabaki kambini akilala kwenye ngozi hadi kikohozi kilipokoma. Walikufa wengi. Waliopona walitosha kuanza upya.

Alirudi akinuka moshi. Mkuu wetu wa wakati huo alifoka, "Ulikuwa wapi?"

"Kazini," akajibu, akaomba nafasi kwenye jokofu la sampuli. Alikuwa amekuja na kipande cha pafu la yule mbuzi mweupe, ndani ya chupa ya dawa ya kuzuia kuoza. Bi Dhaki ndiye aliyempa, akimwambia, "Litazame vizuri. Uniambie nini kilimuua."

Ilimchukua miaka mingi kulijibu swali hilo. Yeye na wenzake walionyesha jinsi kimeng'enya kimoja cha bakteria hao kinavyozalisha ile kemikali inayotoa povu tunapoitumia kusafisha vidonda, nayo huunguza mapafu kutoka ndani. Siku matokeo yalipothibitishwa hakungoja pongezi. Aliomba gari, akaenda kumweleza Bi Dhaki, aliyekuwa mzee sana sasa. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono, akasema, "Basi hukunisahau."

Juzi tulimuuliza atafanya nini nyumbani. "Nitafuga mbuzi," alisema. "Wakikohoa nitawaita, na ole wenu mkichelewa!"

Dada Qabale, asante kwa yote uliyotufundisha. Nenda salama, na maziwa yasikauke nyumbani kwako.