Kigiriki cha Baba Raouf

Baba Kasisi, ndugu, jamaa na majirani wa Attarin, tunayemsindikiza leo ni Wadie Lamei Bekhit, Baba Raouf, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1944 hapahapa Aleksandria, mtoto wa tatu wa fundi viti Lamei Bekhit na mkewe Matilda, akasoma shule ya kanisa hadi mwaka 1962, na kuanzia mwaka 1964 akawa karani wa forodha bandarini hadi alipostaafu mwaka 2004.

Kigiriki alikipata mwaka 1966 kwa jirani wa chini, mjane Evanthia, ambaye macho yalipoanza kumwishia na wanawe wamehamia Athene, alimfundisha marehemu herufi ili amsomee mashairi kila Jumapili baada ya misa, na ujira ulikuwa kahawa na biskuti za ufuta. Enzi hizo, jamani, ngazi nzima ilinukia kahawa, na sauti ya Baba ilipanda hadi darini. Evanthia alifariki mwaka 1986, lakini marehemu hakuacha, alisoma peke yake kwenye roshani, akicheka, akifuta machozi, akitafuta wa kumsikiliza.

Alifunga ndoa na Mama yetu, Nargis Habib, tarehe 19 Oktoba 1969, wakajaliwa kaka yangu Raouf mwaka 1971 na mimi, Nivine, mwaka 1975, na tuseme ukweli, Mama hakukitaka hicho Kigiriki hata kidogo, alikiita mke mwenza, na kila alipoitwa asikie beti mbili tu, alijibu kutoka jikoni, "Baba Raouf, nina maharage motoni, msomee huyohuyo mwenzangu."

Tarehe 9 Oktoba 2016 kiharusi kilimwangusha, na alipozinduka Kiarabu kilikuwa kimemtoka chote, kimebaki Kigiriki, madaktari wakasema hutokea, na huenda kisirudi. Alimwita Mama, na Mama hakujua anaomba maji au anamuaga, jambo lililomuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Basi, na miaka yake sitini na tisa, akachukua mkoba akaenda kuanza darasa la Kigiriki pamoja na wasichana wa umri wa wajukuu, waliomtania, "Bibi, umepata mchumba Athene?" naye akawaambia, "Yuko nyumbani, ananisubiri."

Kwaresima ilipofika Mama alimuuliza kwa Kigiriki kama chai ina sukari ya kutosha, na marehemu akalia. Tangu hapo walisoma wote wawili pale kwenye roshani, Mama akikwama na kurudia, hadi siku moja akamlaumu kwa nini hakumwambia zamani kwamba mashairi haya ni matamu hivi, naye akamjibu kwa maneno mepesi, kama anayemsemesha mtoto, kwamba alimwambia miaka arobaini.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Mei 2018, alimshika Mama mkono, akamwambia maneno marefu, akafumba macho, akatutoka. Mama alielewa nusu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa forodha, majirani waliopokezana kumshusha ngazi, na mwalimu wa Mama. Mnaojua Kigiriki, Mama anaomba msimtafsirie ile nusu nyingine, maneno ameyashika kichwani kama yalivyotamkwa, na Jumatatu anarudi darasani.

Pumzika taratibu, Baba Raouf, amani iwe nawe, utajibiwa.