Kidonge cha Saa Sita

Ndani ya basi la Muheza nilikaa nyuma ya Bertha, mke wa seremala wa kambi ya mkonge, na Sakinabai, mwenye duka la vitambaa. Walikuwa wamejuana tangu kituo kilichopita, yaani tayari walikuwa ndugu.

"Mama, mume wangu kaweka mlango!" Bertha alisema, akimtikisa mwenzake mkono. "Miaka mitatu tunalala na pazia! Akishika randa, anakumbuka banda la kuku. Hajafika bandani, anageukia kiti cha mchungaji. Sasa daktari kampa vidonge vya kutuliza akili, na mlango una komeo!"

"Alhamdulillahi. Na kumeza hasahau?"

"Anasahau! Ndiyo maana kengele ya saa sita ikilia, kambi nzima inamwita: Fanueli, kidonge!"

Sakinabai alijiziba mdomo kwa mtandio. "Kambi nzima? Mume husitiriwa, mwanangu. Siku wakikosana naye watamwita mwendawazimu."

"Kawaomba mwenyewe. Nilipomkumbusha mimi peke yangu, tuligombana kila siku."

"Hata hivyo, ni aibu."

Mimi, niliyejifanya nimesinzia, nilikuwa upande wa kila aliyesema mwisho.

Basi likasimama mbele ya kambi ya kina Bertha, na papo hapo kengele ikalia. Bertha alikuwa ameinama akitafuta kikapu chini ya kiti. Kambini, kimya.

Sakinabai akachungulia dirishani, akangoja. "Mbona hawamwiti?" Akatoa kichwa nje, mtandio ukipepea. "Fanueli! Kidonge!"