Bibi wa Mstari wa Mbele

Ndani ya treni fundi viatu alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Nesi mmoja alikuwa akimkanya bibi aliyevaa buti ambazo, kwa jicho la fundi, zilishabadilishwa soli mara tatu.

"Bibi, na goti hilo bado unaenda kurukaruka mbele ya jukwaa kwenye bendi za panki, katikati ya vijana wanaosukumana?"

"Mwaka wa thelathini huu naenda, mjukuu wangu."

"Na ukianguka?"

"Kila mara naanguka!" bibi akacheka. "Pale mikono kumi inakunyanyua hapo hapo. Juzi nimeanguka bafuni kwangu, nikalala sakafuni mpaka jioni. Aliyekuja kunitazama ni paka."

Treni iliposimama, bibi aliruka chini kwa miguu yote miwili. Nyuma yake, nesi alikuwa tayari amenyoosha mikono kumdaka.