Mwalimu Maku Dugbatey na Kijiko cha Chumvi

Mwalimu Maku Dugbatey alizaliwa Goi, kando ya ziwa la chumvi la Songor, tarehe 14 Machi 1951. Alisoma kijijini, kisha chuo cha ualimu Cape Coast, na kuanzia mwaka 1975 alifundisha biolojia Sege. Wanafunzi wake wanakumbuka kipande cha muhogo alichokinyunyizia chumvi mpaka kikalegea na kutoa maji. Kila seli, alisema, imezungukwa na utando mwembamba, na maji huuvuka yakiifuata chumvi. Katika utumbo, chumvi na sukari hupita pamoja, zimeshikana mikono, kwa mlango ambao hata kipindupindu hakiufungi.

Mwaka 1978 aliolewa na Teye, mvuna chumvi. Mtoto wao wa kwanza, Tetteh, aliugua kipindupindu mwaka 1982. Maku alimchanganyia maji, sukari na chumvi, akatoka kumtafuta muuguzi. Nyuma yake mama mkwe akakionja kinywaji hicho. Sisi watu wa Songor tumekula chumvi tangu utotoni na ndimi zetu haziisikii tena. Bibi akaona kikombe hakina ladha ya chumvi, akatia konzi nzima. Chumvi ile ilinyonya maji kutoka seli za mtoto, degedege likamwondoa kabla ya jua kuzama. Maku hakumlaumu mkwewe. Ila kila alipofungua mkebe wa chumvi alisawazisha kijiko kwa kisu, mpaka uzeeni.

Mwaka huu ugonjwa uliporudi, alipita nyumba kwa nyumba na kijiko chake akifundisha kuchanganya kinywaji kile, akificha kwamba naye ameanza kuhara. Alipoanguka, Teye alionja kikombe alichochanganyiwa mkewe, akamwita kwa jina la binti yao Dede:

"Mama Dede, hii soda ya nani? Chumvi iko wapi?"

"Ulimi wako huo uweke kwa ajili ya samaki, mzee. Usiongeze kitu."

Teye hakuongeza. Lakini mwili wa Maku ulikuwa umekauka mno. Alifariki kliniki ya Sege, tarehe 9 Septemba 2014, saa nne asubuhi. Wauguzi walimfunga hukohuko katika mfuko wa maiti, hatukumwosha.

Ameacha mume, binti yake Dede, na mjukuu Korkor, mwenye miaka minne. Korkor ameanza kutapika tangu jana. Kwa hiyo Teye hayupo hapa kumzika mkewe. Amebaki nyumbani na mtoto, anasawazisha kijiko kwa kisu, na amekataza mtu yeyote kuonja. Nasi leo hatupeani mikono, wala hatutakula pamoja. Simu ya Dede ikilia, wote tunageuka kumtazama, kama ni habari ya Korkor.

Maku, pumzika. Sisi, bado.