Nkasiogi na Hoja za Mitumba

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Kijenge, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba kufurika Arusha nzima, hapakuwa na mazungumzo mengine. Ndesanjo tulimwita Belo kwa sababu aliuza mitumba kwa marobota, yale mabelo. Eliasi tulimwita Kiwanda. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilifungwa, kazi ikaisha, ila ovaroli hakulivua. Walibishana kila jioni mpaka masikio yaniume. Ndipo akaja Nkasiogi, binti kutoka Olmotonyi aliyekuwa anarudia kidato cha nne.

— Shikamooni. Mwalimu anataka insha kesho: mitumba ina faida nyingi kuliko hasara? Mwaka jana nilirundika kila hoja niliyoisikia, nikafeli. Nikivurunda tena hanisajili kwa mtihani, na ndoto yangu ya uuguzi ndiyo basi. Nisaidieni.

— Marahaba! Andika: mitumba imeleta usawa, Belo akadakia. Mkurugenzi na mkata maua wa Usa River wanavaa koti moja!

— Usawa gani? Imeleta baridi! Kiwanda akang'aka. Tangu yaje makoti ya Ulaya, Meru haivui mawingu.

— Imeongeza ndoa! Bila suti zangu nani angeoa mji huu?

— Na suti ikichanika, mke anarudi kwao!

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Nkasiogi akafunika kalamu yake.

— Kwetu, babu akisuluhisha ugomvi, kila mmoja hutetea kwanza upande wa mwenzake. Mzee Belo, pinga mitumba. Mzee Kiwanda, itetee.

Haki ya Mungu, nilidhani watamfukuza. Belo akakohoa.

— Haya. Mitumba imeua kazi. Eliasi huyu alikuwa anafuma vitenge, mji mzima unavaa. Leo mikono ile inashika kikombe tu. Inaniuma.

Kiwanda akaweka kikombe chini.

— Kazi ilipoisha, wanangu walikwenda shule na masweta ya Ndesanjo. Alinipa bure, akanikataza nisiseme.

Sikuwahi kulijua hilo, na nakaa nao kila siku!

— Naandika hizo mbili, Nkasiogi akasema. Za ndoa na mawingu nawaachia wenyewe. Sasa hitimisho: faida ndiyo kubwa, au hasara?

Belo akamtazama Kiwanda. Kiwanda akamtazama Belo.

— Basi nitaamua mwenyewe. Asanteni, wazee wangu.

Akaenda zake. Binti ana kichwa yule, jamani!

— Huyu atafaulu, Kiwanda akasema.

Kwa mara ya kwanza, Belo hakumbishia.