Bafu Lililovunjwa Kwanza

Kijiwe cha Ramani kiko mtaa wa Kwa Mathias, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo mabasi ya Morogoro unayasikia tu bila kuyaona. Ni benchi moja lililokalia matofali, na birika la Bilali muuza kahawa. Hapo hakuna anayejenga, ila wote ni wahandisi. Mkubwa wao ni Mwinyimadi, waliyembandika jina la Ramani kwa sababu hata ukiumwa jino atakuchorea mchoro. Anayemfuatia kwa maneno ni Rajabu, maarufu kama Dubai, ingawa safari yake ndefu ilikuwa Kariakoo, kubeba maboksi ya marumaru kichwani. Jioni hiyo Shigela, Msukuma aliyehamia Visiga, alikuwa amekaa pembeni na kikombe kimempoa mkononi. Bafu lake limevunjwa, fundi wake Evance haonekani, na mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, anaogeshwa uwani nyuma ya turubai. Jambo hilo lilikuwa linamla Shigela roho.

Ramani: Evance anapokea simu?

Shigela: Anapokea. Anasema yuko njiani.

Dubai: Fundi akisema yuko njiani, ujue bado yuko kitandani.

Shigela: Ana saiti nyingine Mlandizi. Kwangu kaacha mistari miwili mitatu ya tofali na rundo la mchanga. Hela ya marumaru kaondoka nayo.

Ramani akakohoa, akatazama barabarani. Mpango ulikuwa wake. Ni yeye aliyesema, kwenye benchi hilihili, kwamba bafu la zamani livunjwe kwanza. Fundi akiona familia haina pa kuogea ataona haya, atafanya kazi mbiombio. Kijiwe kizima kikaitikia. Shigela akaenda kuazima nyundo, akavunja kwa mikono yake mwenyewe. Evance hakuona haya hata kidogo.

Dubai: Mimi nasema tatizo bajeti ilikuwa ya kinyonge. Fundi akiona bajeti nyonge, na yeye ananyong'onyea. Piga marumaru mpaka darini, weka hita, uone kama hatalala hapohapo saiti.

Bilali: Hita? Maji yenyewe si ya kuchota?

Dubai: Wewe mimina kahawa. Tena ikiwezekana weka jakuzi. Yale maji yanamkanda mgonjwa yenyewe. Mwezi mmoja tu bi mkubwa anacheza ngoma.

Ramani: Na sinki mbili. Moja ya mgonjwa, moja ya wageni. Ukipanga, panga kiutu uzima.

Shigela: Jana upepo ulibeba turubai.

Bilali akageuka kumtazama.

Shigela: Watoto wa shule walikuwa wanapita. Martina mke wangu akakimbiza turubai, mama akabaki kwenye kiti cha plastiki na povu mwilini. Mkono wake unaofanya kazi ni mmoja. Akautumia kujifunika uso.

Bilali akaweka birika chini. Shigela akadhani labda leo mmoja wao atasema neno la maana. Ramani ndiye aliyetangulia.

Ramani: Basi dawa ni uzio. Zungusha ukuta nyumba nzima.

Dubai: Na geti la chuma! Evance akiingia tu, tunapiga kufuli. Anapitishiwa ugali kwa juu mpaka bafu liishe.

Ramani: Sasa hapo umeongea, Dubai.

Wakagongeana mikono. Shigela akawatazama, akageuzia uso barabarani.

Hapo ndipo bajaji ikasimama. Akashuka Herman, dereva mgeni aliyehamia mtaa ule juzijuzi, akamwamkia Ramani shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba kahawa. Aliyasikiliza mageti na majakuzi yao mpaka kikombe kikafika nusu.

Herman: Samahani wakubwa, mimi mgeni. Kwani huyo mama ndiye aliyeomba bafu jipya?

Ramani akachungulia ndani ya kikombe. Dubai akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kitu asichokuwa nacho. Herman akamgeukia Shigela, na Shigela akainama kufunga kamba ya kiatu.

Jibu alikuwa nalo. Kwa ule ulimi wake mzito, mama aliomba kipande cha bomba tu, kikazwe kwenye ukuta wa bafu la zamani, apate pa kushika akijiinua, ili aoge mwenyewe bila kumsumbua mtu. Shigela akalileta ombi hilo hapa, ajue bomba gani linafaa. Kahawa ilipoisha lilikuwa limeshageuka bafu jipya na choo cha kukaa, naye akarudi nyumbani kifua mbele. Ukuta wa kukazia lile bomba ndio huo alioupiga nyundo.

Herman akalipia kahawa yake, akawaaga, akaondoka na bajaji yake.

Bilali: Shigela, si uende nyumbani sasa? Giza linaingia.

Shigela: Siwezi. Ndiyo saa Martina anamwogesha. Mtoto wa kiume nitapitaje uwani?

Akanyoosha kikombe aongezewe.