Fundi Pumzi Anarudisha Funguo za Karakana

Ijumaa ijayo, tarehe 30, saa kumi jioni, fundi wetu wa mashine za kufulia atastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kadhaa. Hizo siku kadhaa anazijua mwenyewe. Ukimuuliza atakutajia, na ataongeza ni ngapi kati yake mashine namba mbili ilikuwa mbovu.

Alikuja hospitalini kama msaidizi wa fundi bomba, mwanamke pekee karakanani. Siku ya kwanza alipewa ovaroli ya mtu mrefu kuliko mlango. Akakunja mikono, akakunja miguu, akaingia kazini. Wenzake walisema hatamaliza wiki mbili. Wote wameshastaafu kabla yake.

Chumba cha kufulia wengi wenu hamkijui. Kiko nyuma ya jiko: mashine tatu za kufua, mbili za kukausha, sakafu ya saruji isiyokauka hata siku moja. Kila shuka analolalia mgonjwa limepita pale. Mashine ikigoma, wodi zote zinajua kabla ya saa sita mchana.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mashine namba mbili ya kukaushia iligoma kwa namna ya ajabu. Ilizunguka vizuri, joto lilikuwepo, lakini mashuka yalitoka ya moto na mabichi. Tuliyarudisha mara ya pili, mara ya tatu. Kufikia Jumatano magauni makavu ya upasuaji yalikuwa yamekwisha, na wagonjwa watatu waliambiwa wasubiri.

Aliyekuwa akipakia mashine ile ni mimi ninayeandika haya, kibarua wa miezi mitatu. Fundi alikuja, akapima hita, akasafisha chujio, akabadilisha kidhibiti joto. Kesho yake, mashuka mabichi vilevile. Akachoka, akaandika kwenye ripoti: “Mashine ni nzima. Inajazwa kupita kiasi.” Kwa mstari huo mmoja kibarua changu kikaanza kuota nyasi. Msimamizi aliniambia Jumatatu nisije.

Nilijitetea, lakini neno la kibarua mbele ya neno la fundi ni kumpigia mbuzi gitaa. Ijumaa asubuhi nikamvizia Fundi kwenye korido.

“Fundi, mimi najaza nusu tu. Njoo uone kwa macho yako.”

Angeweza kupita zake. Badala yake alinifuata, akageuza ndoo juu chini, akaikalia saa nzima huku nusu ya mzigo ikizunguka. Mashuka yakatoka mabichi. Aliyashika, akasema, “Mdogo wangu, nimekuandikia uongo.”

Akanivuta nje, nyuma ya jengo, pale bomba la kutolea hewa linapochomoza ukutani. Mashine ilikuwa inanguruma ndani.

“Weka mkono. Unasikia nini?”

“Sisikii kitu, Fundi.”

“Basi. Moto upo, pumzi hakuna. Mvuke usipotoka, tunachemsha mashuka, hatukaushi.”

Tuliizima mashine, tukasogeza kabati lililokuwa nyuma yake. Bomba lilikuwa limebonyea kama kandambili iliyokanyagwa na lori. Wapaka rangi waliokuja wiki chache nyuma, walipomaliza ukuta, walilirudisha kabati kwa kulisukuma kwa bega, na hakuna aliyechungulia. Pale bomba lilipobanwa, nyuzinyuzi za mashuka zilikuwa zimejikusanya mpaka zikaziba njia. Tulitoa ndoo nzima. Fundi aliitazama ndoo ile. Alijua, kuliko mimi, jinsi nyuzi kavu zinavyopenda moto. Kisha akakata bomba jipya, akalinyoosha, akakaza vibano. Dakika arobaini baadaye mashuka yalitoka makavu, mpaka muuguzi wa chumba cha upasuaji aliyekuja kuyafuata akapiga kigelegele.

Hapo wengi wangekwenda kunywa chai. Yeye alikwenda kwa msimamizi nami nyuma yake, akaomba ripoti, akaukata mstari wake kwa kalamu na kuandika chini: “Kosa ni la fundi. Bomba halikukaguliwa.”

“Lakini ungeandika tu kwamba bomba limebonyea, yakaisha,” msimamizi alimwambia.

“Yangeisha kwangu. Kwa huyu je?”

Wale wagonjwa watatu walifanyiwa upasuaji Jumamosi. Mimi nilikuja Jumatatu, na nimekuja kila Jumatatu tangu siku hiyo.

Jina la Fundi Pumzi lilizaliwa wiki ile, na hajalikataa. Alichora kwa rangi nyekundu juu ya mashine: KABLA YA KUMLAUMU MTU, TOKA NJE UKAGUE BOMBA. Amefunza mafundi sita, wawili wanawake, na kila mmoja ameshakaa kwenye ndoo saa nzima akitazama mashine ikizunguka. Si malaika, jamani. Bisibisi yake haiazimwi, na mashine akiikasirikia huitukana mpaka ukoo wake. Nyumbani hana mashine ya kukaushia. Anaanika kambani kama sisi wengine. “Jua halina fyuzi,” husema.

Amekodi chumba kimoja karibu na kwao, yeye na dada yake mshonaji. Upande mmoja cherehani, upande wa pili meza ya kutengenezea pasi na feni na kufundishia yeyote anayetaka. Wanafunzi watano wameshajiandikisha, na mmoja wao ni yule msimamizi, ambaye naye alistaafu mwaka jana.

Fundi, kwa niaba ya wodi zote, jikoni na karakana, tunasema ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya kufanya unachokipenda. Na majirani wasikugongee mlango wakati wa kula, pasi mbovu mkononi. Wakigonga, tunajua utafungua.